Shajara ya Kipindi cha Roki: Jumamosi Usiku, Mombasa

Siku ya 1, Jumapili

Nafungua daftari hili kwa ajili ya kipindi kimoja cha redio. Ni saa mbili tu kwa wiki, Jumamosi kuanzia saa nne usiku hadi saa sita, kwenye stesheni moja ya hapa Mombasa ambayo sitaitaja. Nilianza kukisikiliza nikiwa kidato cha pili, Tudor, redio ya betri chini ya mto ili mama asisikie. Mtangazaji wa wakati ule hakuacha wimbo upite bila kuutaja. Alitwambia bendi ni ipi, nani anapiga ngoma, waliurekodi wapi. Jumatatu shuleni tuliosikiliza tulikuwa watatu tu, lakini tulikwenda na majina mdomoni, na jina ukishalijua unaweza kulitafuta.

Mtangazaji yule aliondoka kitambo. Kipindi kina jina lile lile na saa zile zile, ila nikikisikiliza siku hizi naona kama nimeingia nyumba niliyoizoea nikakuta vyombo vipo na wenyewe hawapo. Hizo ni hisia zangu, na kwa hisia huwezi kwenda kumwambia mtu kitu. Kwa hiyo mimi na binti ami yangu, anayepiga gitaa la besi, tumekubaliana: Jumamosi sita mfululizo tutaandika kila wimbo unaopigwa. Dakika ulipoanza, jina, mwimbaji, kama mtangazaji ameutaja au la, na kama umekatwa kabla haujesha. Redio ya mkoba iko kwenye paa la nyumba yao Majengo, waya wa kunasia sauti umeingia kwenye kompyuta yake.

Siku ya 4, Jumatano

Nimezungusha kitufe kutoka 87.5 hadi 108, polepole, mara mbili, asubuhi na usiku. Baraka FM, Radio Rahma, Radio Salaam, Pwani FM ya KBC, na za Nairobi zinazorushwa hadi huku. Mawaidha, taarabu, bongo, rege, habari, simu za wasikilizaji. Kila stesheni ina watu wake na sina ugomvi na yoyote. Roki haina nyumba yake hapa pwani, imepewa chumba cha uani. Hata Nairobi, ambako redio za FM za watu binafsi zilianza mwaka 1996 na Capital FM, mashabiki wa roki walipata stesheni moja ya kujidai nayo, X FM ya 105.5. Huku kwetu tuna zile saa mbili za Jumamosi. Ndiyo maana nazionea uchungu.

Siku ya 7, Jumamosi, Jumamosi ya kwanza

Tulianza saa nne kamili. Binti ami aliandika, mimi niliangalia saa.

Nyimbo 26 kwa saa mbili. Zilizotajwa jina: hakuna hata moja. Sauti ya mtangazaji ilisikika mara nane, na kila mara ilikuwa ya aina moja: uko na kipindi cha roki, usiende popote, muziki unaendelea. Mara mbili sauti ile ilisema neno kwa neno maneno yale yale, pumzi ikivutwa mahali pale pale. Hakuwa studio. Alirekodi mapema, kompyuta ikawa inazipachika sauti zake katikati ya nyimbo.

Saa nne na dakika hamsini na mbili wimbo ulikatwa. Na haukukatwa mwishoni mwake, ulikatwa gitaa likiwa ndiyo kwanza linapanda, lile gitaa ambalo wimbo mzima umetembea kulifikia. Tangazo la duka la mabati likaingia. Binti ami aliweka kalamu chini. Akaniambia, "Huyu aliyekata hakuusikiliza." Nimeliandika hivyo hivyo, kwa sababu sidhani kama kuna namna bora ya kulisema.

Tulipoteza dakika sita hivi karibu na saa tano na nusu. Upepo ulikuwa umetulia, joto limeshika, na stesheni ya ng'ambo, nadhani ya Tanga, ikaja ikakalia masafa yetu. Hali ya hewa ikiwa hivi mawimbi ya FM hujipinda juu ya bahari na kufika mbali kuliko kawaida yake. Walikuwa wakipiga taarabu. Mtangazaji wao alimtaja mwimbaji, akamtaja na aliyeandika mashairi. Tuliangaliana.

Siku ya 14, Jumamosi ya pili

Nyimbo 26 tena. Kati ya hizo, 17 ni zile zile za wiki iliyopita. Hazijafuatana kwa mpangilio ule ule, lakini ni zile zile.

Binti ami alikasirika, akasema wamechoka kutafuta nyimbo. Mimi naona liko jambo jingine. Mtu mvivu angeacha faili moja lijirudie lote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hii ni kazi ya programu inayochota kutoka ndoo ndogo. Ukichota 26 kila wiki na marudio yakawa mengi hivi, ndoo haina hata nyimbo hamsini. Sasa swali ni kwa nini ndoo ya roki iwe ndogo kiasi hicho, wakati stesheni ina zaidi ya miaka kumi hewani na yule mtangazaji wa zamani alikuwa akija na mifuko ya sidii.

Siku ya 16, Jumatatu

Nimekwenda Kibokoni kumwamkia ami yangu, nikamkuta barazani na kahawa tungu na wazee wenzake wawili. Nilimweleza mradi. Roki haijui wala haitaki, lakini redio anaijua tangu enzi za Sauti ya Mvita, kabla ya uhuru, kisha Sauti ya Kenya, kisha KBC.

"Sasa wewe watafuta nini humo?" akaniuliza.

Nikamwambia, natafuta kujua kipindi kizuri ni kipi.

Akanyamaza, akaongeza kahawa. Kisha akaniambia, "Mwanangu, sisi tulikuwa twasikiliza salamu. Kadi yasomwa: kutoka kwa fulani wa Mazeras, imfikie fulani wa Takaungu, na wimbo ni wa Matano Juma. Wimbo ulikuwa na mwenyewe, na aliyeuomba alikuwa na jina, na anayeletewa alikuwa na jina. Ukipigwa bila hayo, huo ni ukelele wa njiani."

Mzee mwenzake akaongeza kwamba katika taarabu ya hapa, ya kina Zein l'Abdin na Juma Bhalo, mtu alikuwa akiulizia kwanza shairi ni la nani. Waimbaji waliimba tungo zao na za washairi wengine, na kulikosea jina la mtunzi ilikuwa aibu.

Nimetoka pale nikiwa na kipimo ambacho sikuwa nacho. Nilikuwa nahesabu marudio na matangazo ya biashara. Sasa nitalipa uzito zaidi lile safu la nne la daftari: je, wimbo umetajwa? Mtu wa Changamwe aliye zamu ya usiku bandarini, akasikia gitaa likamshika moyo, ataendaje nalo nyumbani kama hakuambiwa ni la nani? Kesho hawezi kulitafuta, wala kumwambia mwenzake, wala kununua tiketi bendi ile ikija.

Siku ya 19, Alhamisi

Nimekwenda stesheni yenyewe. Niliandika barua kwanza, kwa adabu, nikaambatanisha kurasa nne za daftari. Nilidhani watanifungia mlango. Msimamizi wa vipindi, mama wa makamo, alinipokea akanipa chai, kurasa zangu zikiwa mezani zimepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu.

Alinieleza bila kuficha. Mtangazaji wa roki ndiye huyo huyo wa kipindi cha asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, na anarekodi sauti za Jumamosi siku ya Ijumaa mchana kwa dakika ishirini. Anaporekodi, orodha ya nyimbo haijatoka bado, programu huipanga yenyewe usiku. Hawezi kutaja wimbo asioujua. Na kwa nini kipindi kiko saa nne usiku? Kwa sababu kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano zinaulinda muda wa kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku uwe wa familia, na nyimbo nyingi za roki zina maneno yasiyofaa watoto. Nikamwambia hilo naliunga mkono kabisa.

Kisha akamwita fundi mitambo atuonyeshe kompyuta. Hapo ndipo nilipokaa kwa saa nzima, na hapo ndipo mradi ulipogeuka.

Folda la roki lina faili 214. Ndoo si ndogo hata kidogo! Lakini kati ya hizo, 38 tu ndizo zilizojazwa jina la wimbo na la msanii. Nyingine 176 zinaitwa "07", "mpya2", "gitaa gitaa", "usifute". Ni zile sidii za mtangazaji wa zamani, zilihamishwa kwenye kompyuta kwa haraka alipokuwa anaondoka, na hakuna aliyekaa kuziandika. Yeye alizijua kwa kichwa. Alipoondoka, kichwa chake kiliondoka naye.

Sasa sikiliza programu inavyofanya kazi. Ina sheria: msanii mmoja asirudiwe ndani ya kipindi kimoja. Sheria nzuri, kila stesheni inayo. Lakini programu inapoangalia faili lisilo na jina la msanii, inaona nafasi tupu, na nafasi tupu zote 176 inazihesabu kuwa ni msanii mmoja. Ikishapiga moja, zilizobaki zote zimefungiwa nje hadi Jumamosi ijayo. Zinazobaki kuchotwa ni 38. Chota 25 kutoka 38 kila wiki, uone kama hutarudia kumi na saba.

Fundi mwenyewe alikuwa hajaliona hilo. Alishika kiuno, akaangalia skrini, akasema, "Lahaula." Miaka yote hiyo nyimbo zimo humo humo ndani.

Siku ya 20, Ijumaa

Sikulala vizuri, nilikuwa napanga. Lakini kwanza niandike jambo la nje kidogo ambalo limekuwa likinizunguka kichwani.

Marekani, mwaka 1967, San Francisco, stesheni ya KMPX ilimpa Tom Donahue usiku wake acheze roki anavyopenda: nyimbo ndefu, albamu nzima, hadithi zake. Hilo liliwezekana kwa sababu FM wakati ule ilikuwa kama kiwanja kitupu. Serikali ilikuwa imewazuia wenye stesheni katika miji mikubwa wasirudie tu kwenye FM yale yale ya AM, wakawa na saa za kujaza na hawana watangazaji wa bidhaa wa kuwahofia. Miaka thelathini baadaye, sheria ya mawasiliano ya 1996 ikaondoa kikomo cha kumiliki stesheni nchini kote, ambacho kilikuwa 40, na kampuni moja ikaja kumiliki zaidi ya 1,200. Orodha zikaanza kupangwa mbali na mji zinakosikilizwa, na sauti ya mtangazaji ikarekodiwa kwa miji kadhaa kwa mkupuo.

Hapa kwetu hakuna aliyetununua. Lakini ile saa nne ya usiku wa Jumamosi ni kiwanja kitupu kama kile cha kwanza. Matangazo ni machache, hakuna anayeigombea. Kwa mwenye kipindi, huo ni utajiri.

Siku ya 21, Jumamosi ya tatu

Umeme ulikatika Majengo yote saa tatu na nusu. Betri za redio zilikuwa zimechoka. Hakuna kumbukumbu.

Siku ya 24, Jumanne

Msimamizi amekubali. Tunapewa nakala ya lile folda kwenye diski, tunaijaza majina, tunairudisha kwa mafungu kila Alhamisi mchana. Naye amekubali jambo la pili ambalo niliona aibu kuliomba: orodha ya Jumamosi itapangwa Alhamisi jioni, ili Ijumaa mtangazaji arekodi akiwa nayo mkononi.

Kazi yenyewe ni ya masikio. Tunakaa sebuleni kwa binti ami, spika mbili, sinia la viazi karai. Nyingi tunazijua baada ya sekunde kumi. Nyingine programu ya simu inazitambua. Zinazobaki ni zile zilizotoka kwenye kanda, zimezeeka, kasi yake si sawa, simu haizitambui. Hizo binti ami anazisikiliza besi peke yake, macho amefumba. "Huyu apiga kwa vidole, yule mwengine alikuwa apiga kwa ukucha," ananiambia, na mara nyingi ni kweli. Leo tumemaliza 61.

Na katika hizo 61 tumekutana na Wakenya! Parking Lot Grass, walioimba roki kwa Kiswahili na Sheng, walikuwa ndani ya "mpya2". Murfy's fLaw walikuwa ndani ya faili lenye namba tupu. Nilisimama. Msimamizi alikuwa ameniambia kwamba roki inampa shida kwenye hesabu ya maudhui ya nchini, ambayo kanuni zinataka yafike asilimia 60, kwa kuwa roki yote inaandikwa "ya nje". Kumbe ya ndani ipo, nafasi ya nchi tu ndiyo tupu.

Kuna na la pesa. Yako mashirika ya hakimiliki yanayokusanya mirabaha, malipo ya muziki unaopigwa, kwa niaba ya watunzi, watayarishaji na wasanii. Ili mgao umfikie aliyepigwa hewani, lazima pawe na kumbukumbu ya kilichopigwa. Mstari unaosema "07, msanii: hakuna" haumlipi mtu. Mpiga gitaa wa Nairobi au wa Kisauni anaweza kupigwa hapa kila mwezi, na kwenye karatasi akawa hakupigwa kabisa. Binti ami ana bendi. Alikaa kimya muda mrefu baada ya mimi kulisema hili, kisha akarudi kwenye faili la 62.

Siku ya 28, Jumamosi ya nne

Fungu la kwanza lilikuwa limeingia tangu Alhamisi. Nyimbo 26, na zilizokuwemo pia Jumamosi ya pili ni 8. Kutoka 17 hadi 8. Hakuna kilichonunuliwa wala mtu aliyeajiriwa.

Majina bado. Orodha ilichelewa, mtangazaji akarekodi kama zamani. Fundi alituma ujumbe kuomba radhi, nikamjibu asijali, twende nayo.

Wimbo mmoja ulikatwa tena katikati, tangazo lile lile la mabati. Nimemwandikia fundi dakika kamili. Ni suala la kuiambia programu isubiri wimbo uishe, tangazo lichelewe dakika mbili. Mwenye mabati hatapungukiwa.

Siku ya 33, Alhamisi

Jumla sasa ni 148 kati ya 176. Kati ya hizo, 19 zilikuwa marudio, wimbo ule ule umehifadhiwa kwa majina mawili, tumezifuta. Zimebaki 28 ambazo zimetushinda.

Moja ni ile "07". Nataka kuieleza vizuri kwa sababu tumeisikiliza labda mara thelathini. Haina maneno. Inaanza na gitaa moja linalopiga mwendo wa chakacha, ule mwendo wa kiuno, safi kabisa, kama bendi ya hoteli ya ufuoni miaka ya themanini, zama za Mombasa Roots na Them Mushrooms. Baada ya dakika moja na nusu gitaa la pili linaingia likinguruma, limekwaruzwa, na lile la kwanza haliachi mwendo wake. Mwishoni kabisa mtu anakohoa, na mwengine anasema "haya, tena" kwa lafudhi ya hapa hapa. Kisha kanda inakwisha. Mtu wa Mombasa alipiga roki juu ya chakacha akarekodi, na hatujui ni nani. Tumemtafuta mtangazaji wa zamani kwa namba tatu tofauti, hakuna inayopatikana.

Nilimchezea ami. Alisikiliza mpaka mwisho, hata pale penye kelele. Akasema mwendo ni wa Likoni au wa kusini kwake, si wa kisiwani, ila mkono hakuutambua.

Siku ya 35, Jumamosi ya tano

Saa nne kamili. Mtangazaji akafungua kwa jina la wimbo wa kwanza, jina la bendi, na wanakotoka. Binti ami alinyanyua kalamu juu kama mtu aliyefunga bao, kisha akakumbuka kuandika.

Nyimbo 25. Zilizotajwa: 22. Hakuna iliyokatwa. Kulikuwa na Wakenya wanne, mmoja baada ya mwingine, na mtangazaji alisema "hawa ni wetu" kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alikuwa anafurahia. Kumbe muda wote ule alikuwa hajui anachokitambulisha, na kazi ya namna hiyo inamchosha mtu yeyote.

Saa sita kasoro robo akasema: wimbo unaofuata hatuujui, tumeupata kwenye kanda ya zamani, ukimjua aliyeupiga tutumie ujumbe. Akaipiga "07", yote, hadi kikohozi.

Fundi amenitumia jumbe zilizoingia. Ziko kumi na moja. Nyingi zinasema tu ipigwe tena. Mmoja wa Mtwapa ametaja bendi ambayo sijaisikia. Mmoja anasema kaka yake marehemu alikuwa na kanda zenye gitaa kama hilo, ziko kwenye sanduku Likoni, hajazifungua tangu msiba, na kwamba tukija na kitu cha kuchezea kanda atatufungulia.

Nimemjibu kwa heshima, nikamuuliza siku inayomfaa. Ametaja Jumatano baada ya alasiri. Kitu cha kuchezea kanda tumekiazima kwa jirani, mkanda wake wa ndani umelegea, nitaupeleka Mwembe Tayari kesho kutwa ubadilishwe. Jumatano mimi na binti ami tunavuka feri.